Sabuni ya vyombo kwenye siti za ngozi za gari: inaua ngozi kweli au tunatishwa?

#1 Siti ya Mbele
Wakuu salaam. Naombeni mnisaidie maana hapa nyumbani tumeshabishana wiki nzima na hakuna anayekubali kushindwa.

Gari yangu ina siti za ngozi rangi ya krimu, ina miaka tisa, niliikuta imeshatumika. Tangu niwe nayo, mwaka wa pili huu, naosha siti kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kijiko kimoja kwenye ndoo ndogo ya maji ya uvuguvugu, nachovya kitambaa, nakamua, nafuta, nakausha, basi. Kila mwezi mara moja. Zinang'aa usafi, kitambaa kinatoka cheusi.

Sasa siti ya dereva ule upande wa kuingilia imeanza nyufa ndogo ndogo, kama tope lililokauka. Alafu pale pa kukalia jua likiwa kali panananata kidogo. Shemeji yangu ameona, kasema moja kwa moja "sabuni hiyo, umeiua ngozi mwenyewe", anataka ninunue dawa maalumu ya ngozi. Mimi sikubaliani. Uchafu wa siti ni nini? Mafuta ya mwili, jasho na vumbi. Sabuni ya vyombo kazi yake ni kutoa mafuta. Na kama sabuni ndo muuaji, mbona siti ya nyuma nimeiosha kwa sabuni ile ile, siku zile zile, na iko kama mpya?

Nasema hivi: dawa maalumu ni sabuni hii hii kwenye chupa nzuri. Mwenye hoja ya kunipinga aje, ila aje na sababu, sio "nilisikia".

#2 Povu Jingi
Nakuunga mkono mia kwa mia. Mimi miaka 11 gari moja, siti nyeusi, sabuni ya vyombo tu. Hakuna ufa hata mmoja. Siri ni kutolowesha na kufuta mara ya pili kwa maji matupu.

#3 Mwanakemia
Mkuu umesema tuje na sababu, haya.

Ngozi ya gari imechakatwa, kwa kawaida kwa chumvi za kroma, na ikitoka kiwandani inakuwa na asili ya tindikali. Ukiipima pH yake (kipimo cha tindikali na alikali, 7 ndo katikati, chini yake tindikali, juu yake alikali) inaangukia kati ya 3.5 na 5 hivi. Hicho ndo kiwango ambacho nyuzi zake, ile kroma na mafuta yaliyoingizwa ndani vimekaa kwa utulivu. Sabuni ya mche iko pH 9 mpaka 10. Sabuni ya unga ya kufulia inapanda mpaka 10 au 11. Jiki ndo usiseme. Ukiweka alikali mara kwa mara unalegeza vile vifungo na unatoa mafuta ya ndani, ngozi inakakamaa, ikikunjwa inapasuka. Kwahiyo shemeji yako ana hoja.

Na watu wanaona 5 na 10 wanadhani tofauti ni mara mbili. Hapana. Kila namba moja ya pH ni mara kumi. Kutoka 5 mpaka 10 ni mara 100,000.

#4 Mzee wa Gia
Mwanakemia nakuheshimu ila hapo umeosha ngozi ambayo haipo. Siti nyingi za magari ya leo huigusi ngozi. Juu ya ngozi kuna rangi, na juu ya rangi kuna koti la poliyurethani linaloonekana kama plastiki laini, na kweli ni plastiki. Sabuni inakutana na hilo koti. Habari za kroma na nyuzi ziko chini huko, hazijui hata kama leo ni siku ya kuosha.

Siti ya Mbele, fanya jaribio dogo. Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana, subiri dakika moja. Likibaki limesimama kama shanga, siti yako ina koti. Likinywewa na pakawa peusi, hiyo ni anilini, ngozi yenye rangi ya kuloweka tu bila koti la maana, na hapo kila alichosema Mwanakemia kichukue kama kilivyo.

#5 Mwanakemia
Mzee wa Gia nakubali koti lipo, sikatai. Ila koti lina umri wa miaka tisa, limeshakunjwa mara elfu ngapi? Likipata nyufa hata zisizoonekana kwa macho, maji ya sabuni yanaingia humo humo. Na kwenye mishono je? Kila shono ni matundu ya sindano mstari mzima, hayana koti.

Alafu nijirekebishe kwenye #3 kabla sijarekebishwa: sabuni ya maji ya vyombo sio sabuni kwa maana ya kemia. Sabuni halisi ni mafuta yaliyochemshwa na kostiki soda, na haiwezi kuwa chini ya pH 9 hivi ikabaki sabuni, ukiishusha inavunjika inarudi kuwa mafuta. Ya vyombo imetengenezwa kwa viondoa mafuta vya kiwandani, nyingi ziko kati ya 7 na 9. Kwahiyo sio mbaya kama ya mche. Lakini bado iko juu ya ngozi.

#6 Povu Jingi
Sasa tunaelewana. Tangu mwanzo mwenye uzi kasema ya vyombo, hakusema ya mche wala ya unga.

#7 MamaPacha
Nami nichangie maana nina watoto wawili na siti ya nyuma yangu imeona mengi. Mimi nilianza na vitambaa vya kufutia watoto, vile vya pakiti, nikijiambia kama havimdhuru mtoto havitaidhuru siti. Kwa uchafu mwepesi sikuona tatizo. Ila nilikuwa nafuta kila siku, wakati mwingine mara tatu kwa siku, na baada ya kama mwaka na nusu pale kwenye pembe ya siti rangi ikaanza kupauka, ikawa ngumu ukiigusa. Sijui ni vile vitambaa au ni kusugua kwangu. Na ilikuwa pale pale wanapopandia na viatu, kwahiyo hata viatu navyo vinahusika.

Kwahiyo Siti ya Mbele hiyo hoja yako ya nyuma na mbele mi naona ndo ya kuangalia kuliko pH. Mbele anakaa nani na anapandaje?

#8 FundiSindano
MamaPacha ameniwahi. Mimi nashona siti, kazi hii ndo inanilisha, nimefungua siti za kila aina. Nyufa za dereva upande wa kuingilia nazikuta kwenye gari zinazooshwa kwa sabuni, zinazooshwa kwa dawa za ngozi, na zisizooshwa kabisa. Sababu ni makalio, mkanisamehe lugha. Kila ukiingia unateleza juu ya lile tuta la pembeni, uzito wako wote unapita pale, sponji ya ndani inakunjwa na ngozi inakunjwa nayo. Gari ya kazini inayopandwa na kushukwa mara 30 kwa siku inapasuka haraka, gari ya safari ndefu yenye kilomita nyingi kuliko hiyo iko nzima. Siti ya nyuma haipati hata robo ya hiyo shughuli.

Na kitu kingine ambacho wenye magari hawaambiwi wakinunua: "siti za ngozi" mara nyingi ni ngozi pale pa kukalia na pa kuegemea tu. Ubavuni, nyuma ya siti, na sehemu za mlango ni rekisini, yani plastiki juu ya kitambaa. Kwa hiyo kabla hatujabishana sabuni inafanya nini kwa ngozi, tujue kama ufa wako uko kwenye ngozi.

#9 Siti ya Mbele
Asanteni, hii imekuwa darasa. Nimefanya jaribio la tone. Nyuma ya siti, maji yamesimama kama shanga. Pale pa kukalia, yamesimama pia. Kwenye nyufa, yamesimama kama sekunde kumi alafu yakaanza kuzama taratibu, pakabaki alama.

Fundi, nitajuaje kama ni ngozi au rekisini bila kuichana?

#10 Mwanakemia
"Yakaanza kuzama" hicho ndo nilichosema #5. Koti likishapasuka mlango uko wazi.

#11 FundiSindano
Chini ya siti au nyuma kuna zipu au vibanio, fungua uone upande wa ndani. Ngozi kwa ndani ina manyoya manyoya kama kiatu cha swedi. Rekisini kwa ndani ina kitambaa kilichofumwa, unaona nyuzi zimepishana. Usiangalie vinyweleo vya juu, vinapigwa muhuri kiwandani kwenye ngozi na kwenye plastiki vile vile.

#12 Dereva wa Usiku
Watu wanasahau usukani. Usukani wangu ulikuwa unang'aa nikajua ni uzuri wa ngozi, kumbe ni mafuta ya mikono na jasho vimejipaka tabaka. Ngozi safi ya gari huwa haing'ai, imefifia fulani hivi. Nilipousafisha ukarudi kufifia nikadhani nimeuharibu.

Alafu kwenye kunata, mwenye uzi, huwa unapaka mafuta ya kujikinga na jua au dawa ya kutakasa mikono ndani ya gari? Mimi nilikuwa na mazoea ya kutakasa mikono kila nikishika usukani, ile yenye alkoholi, matokeo yake pale mikono inapokaa, saa nne na saa nane, koti lililainika likawa kama gundi, baadae likamomonyoka. Sikuwahi kuosha usukani kwa sabuni ya aina yoyote kabla ya hapo.

#13 Nyota Njema
Kuhusu kunata mi nadhani jibu ni rahisi kuliko yote, ni sabuni iliyobaki. Siti ya Mbele amesema anafuta kwa kitambaa chenye sabuni alafu anakausha, hajasema anasuuza. Miaka miwili ya sabuni isiyosuuzwa, tabaka juu ya tabaka, jua likipiga linalainika. Na kama maji yenu ni magumu yale ya chumvi, sabuni inagandana na chokaa inakuwa utando ule unaouona kwenye beseni.

#14 Povu Jingi
Nyota Njema nusu yako sawa nusu sio. Utando wa beseni unatokana na sabuni halisi, ya mche, ikikutana na kalsiamu. Ya vyombo haigandi hivo, ndo maana glasi zinatoka safi hata kwenye maji magumu. Ila kutosuuza ni kosa kweli, hilo nililisema #2.

#15 Mwanakemia
Niongezee hapo: sabuni nyingi za maji hutiwa chumvi ya kawaida ili ziwe nzito. Ikibaki kwenye mishono inavuta unyevu. Pia zina rangi na manukato. Kwa sahani sio tatizo sababu unasuuza kwa maji mengi, siti huwezi kuimwagia maji mengi. Hapo ndo tofauti na dawa ya ngozi: dawa ya ngozi imepangwa ifutwe bila kusuuzwa sana, imewekwa karibu na pH ya ngozi au katikati kwenye 7, na viondoa mafuta vyake ni vya upole. Sio muujiza, na kweli ni jamaa wa sabuni ya vyombo. Ila jamaa aliyelelewa tofauti.

#16 Msafi Daima
Samahani nakuja kuharibu hoja ya dawa maalumu. Mimi nilinunua dawa, imeandikwa inasafisha na kulisha ngozi kwa pamoja. Jina sitaji. Nilifuata maelekezo neno kwa neno. Wiki ya kwanza siti inanukia, laini, nikafurahi sana. Miezi minne baadae siti zinateleza, nguo zinapata alama, vumbi linakaa halitoki. Nilichoambiwa baadae na mtu anayesafisha magari ni kwamba koti la siti halinywi mafuta, kwahiyo yale ya "kulisha" yalibaki juu yote. Niliyatoa kwa nini? Kwa sabuni ya vyombo. Nilisuuza mara tatu, hadi leo siti ziko vizuri.

#17 Siti ya Mbele
Msafi Daima umenipa nguvu! Shemeji asome hiyo #16.

#18 Mzee wa Gia
Usishangilie bado. Msafi Daima alitoa mafuta mara moja, wewe umeosha kila mwezi miaka miwili. Dawa mbaya haifanyi sabuni kuwa nzuri.

Ila la kulisha ngozi yuko sahihi. Hii imani imetoka zamani. Magari kama Jaguar na Rolls-Royce za kale zilikuwa na ngozi ya kampuni ya Connolly ya Uingereza, na kulikuwa na mafuta yake mazito ya kupaka. Sabuni ya tandiko za farasi nayo ina nta na mafuta ndani, imetengenezwa kwa ngozi nene isiyo na koti inayokutana na jasho la mnyama na mvua. Watu wamebeba mazoea ya tandiko wakayaleta kwenye koti la poliyurethani. Kuna wanaopaka mpaka mafuta ya kupikia, yanaoza, yananuka, yanakusanya vumbi. Msifanye hivo jamani, nawaomba.

#19 Kipepeo
Habari zenu, natoka nje kidogo. Siti zangu katikati zina kitambaa laini kama swedi, wanaita Alcantara, ubavuni ngozi. Nayo nitumie dawa ya ngozi?

#20 Mzee wa Gia
Hapana. Alcantara sio ngozi hata kidogo, ni nyuzi nyembamba za polyesta na poliyurethani, aligundua Mjapani Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray mwaka 1970. Ukiipaka dawa ya ngozi yenye mafuta inalala, inakuwa na mabaka. Kitambaa chenye unyevu, brashi laini baada ya kukauka ili nyuzi zisimame. Basi.

Na wengine mnaosoma kimya kimya: kama siti yenu imeandikwa SofTex ya Toyota, NuLuxe ya Lexus, MB-Tex ya Mercedes au SensaTec ya BMW, hamna ngozi hapo. Hizo ni za kutengenezwa. Huu ubishi wa pH ya ngozi hauwahusu.

#21 Mwanakemia
Hauwahusu kwa pH, ila una upande wake. Rekisini inayotokana na plastiki ya PVC inakuwa laini kwa sababu imechanganywa na vilainishi. Hivyo vinatoka kidogo kidogo kwa joto na jua, ndo ule utando wa mafuta unaouona kioo cha mbele kwa ndani gari ikiwa mpya. Vikiisha inakakamaa. Viondoa mafuta vikali vikitumika mara nyingi vinaweza kuharakisha.

#22 Povu Jingi
Kila mlango tunaoufungua Mwanakemia yuko nyuma yake na sabuni mkononi kama kidhibiti cha mahakama 😂 Mkuu, kuna kitu sabuni haijafanya?

#23 Mwanakemia
😂 Haijambebesha Fundi siti mabegani. Nimesema "inaweza" mkuu, soma vizuri. Jua nalilaumu zaidi kuliko sabuni, kama ulitaka kusikia hilo.

#24 Kiberenge
Mimi langu ni onyo. Siti ya krimu, suruali za jinzi, bluu ikahamia kwenye siti. Sabuni ya vyombo haikuitoa, dawa ya ngozi haikuitoa. Mtu akanishauri ile sponji nyeupe ya kufutia madoa ukutani. Jamani ilitoa! Dakika mbili bluu imekwisha nikapiga na picha. Kufika mchana juani naona pale nilipofuta pamefifia, na wiki mbili baadae ile bluu imerudi mara mbili yake na sasa haitoki kabisa.

#25 FundiSindano
Pole sana Kiberenge. Ile sponji ni melamini, ni msasa, tena msasa laini sana ndo maana huoni mikwaruzo. Hukutoa bluu, ulitoa koti pamoja na bluu. Ndo maana iliporudi ilipata mahali pa kuingia.

Niwape kipimo changu ambacho nakitumia kila siku, kinazidi karatasi zote za pH. Angalia kitambaa. Ukifuta siti ya krimu na kitambaa kikatoka cheusi au kahawia, unatoa uchafu, endelea. Kikianza kutoka na rangi ya krimu, acha hapo hapo hata kama ulichoshika ni chupa ya bei kubwa kuliko zote. Unatoa rangi.

Na brashi: weka povu kwenye brashi, usimwagie siti. Nyonya vumbi kwanza, lile la kwenye mikunjo na mishono, ukianza na maji kabla ya kunyonya unatengeneza tope la kusugulia. Kwa macho yangu mchanga kwenye mikunjo umepasua siti nyingi kuliko sabuni.

#26 Dereva wa Usiku
Hiyo ya kitambaa nimeiandika.

#27 MamaPacha
Na mimi nina swali linalonitoa usingizini. Maziwa ya mtoto yalimwagika, yakaingia kwenye mishono, harufu haiishi. Nimeshauriwa dawa ya vimeng'enya, ile inayokula protini. Lakini ngozi si nayo ni protini? Haitakula siti yangu?

#28 Mwanakemia
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Ngozi ni kolajeni, ni protini kweli. Hata viwandani kabla ya kuichakata huitia vimeng'enya makusudi ili ilainike. Ila ikishachakatwa kwa kroma inakuwa ngumu sana kwa vimeng'enya kuing'ata, ndo maana nzima ya kuchakata, isioze. Kwahiyo kupaka mara moja kwenye shono, ukaacha muda ulioandikwa alafu ukafuta kwa maji, mimi ningefanya. Kuloweka kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya hapana, sio kwa ajili ya vimeng'enya tu bali ile alikali yake.

#29 Nyota Njema
MamaPacha, maziwa yakishaingia kwenye shono harufu haiko kwenye ngozi tena, iko kwenye sponji chini. Hata ukipaka nini juu.

#30 FundiSindano
Nyota Njema amenena. Hiyo siti ifunguliwe, sponji ioshwe na ikauke kabisa.

#31 Nahodha
Kabla MamaPacha hajafungua: kwenye siti kuna nyaya. Za mbele nyingi zina eabegi ubavuni na siti ya abiria ina kihisi kinachojua kama mtu amekaa. Mimi nilimwagia siti ya abiria maji ya sabuni kwa wingi nikiamini nasafisha vizuri, siti zenyewe zina matundu matundu yale ya kupitisha hewa. Kesho yake taa ya eabegi imewaka kwenye dashibodi. Maji yalipita kwenye matundu yakafika kwenye plagi ya chini. Ilikauka ikapona ila taa ilibaki hadi ilipofutwa kwa kompyuta.

Kwahiyo siti ya matundu, sabuni au dawa, chochote kiende kwenye kitambaa kwanza. Na matundu yakijaa povu likakauka linabaki vidoti vyeupe, unavichokoa kimoja kimoja kwa kijiti.

#32 Siti ya Mbele
Wakuu nimerudi. Jana nilitenga muda nikafungua zipu ya nyuma na vibanio vya chini kama Fundi alivyosema. Matokeo ni haya:

Pa kukalia: manyoya manyoya, ngozi. Ubavuni: kitambaa kilichofumwa, rekisini. Nyufa zangu ziko juu ya tuta, pale pale shono linapopita. Upande mmoja wa shono ni ngozi na mwingine rekisini, na nyufa ziko pande zote mbili! Kwenye rekisini ni ndefu chache, kwenye ngozi ni fupi nyingi.

Kunata kuko kwenye ngozi tu. Nikafuata ushauri wa Nyota Njema, nikafuta kwa maji matupu ya uvuguvugu mara nne. Kitambaa cha kwanza kilitoa povu, nakiri. Povu kutoka kwenye siti ambayo sikuiosha wiki tatu! Kunata kumepungua nusu hivi ila hakujaisha.

#33 Nyota Njema
Povu bila sabuni! Ndo hiyo.

#34 Dereva wa Usiku
Nusu imebaki lakini. Nusu iliyobaki inaweza kuwa koti lenyewe limelainika kama usukani wangu. Hujanijibu kuhusu mafuta ya jua na dawa ya mikono.

#35 Siti ya Mbele
Samahani ilinipita. Dawa ya mikono hapana. Ila mke wangu huendesha pia na hupaka losheni miguuni kabla ya kutoka, na akivaa kaptula anakalia pale pale.

#36 Mwanakemia
Losheni, joto, na sabuni isiyosuuzwa ambayo kazi yake ni kubeba mafuta kuyaingiza mahali. Mimi siwezi kuvitenganisha hivyo vitatu kwa kukaa mbali hivi.

#37 Mzee wa Gia
Na nyufa za pande zote mbili za shono zinampa Fundi ushindi. Kingekuwa ni kroma na pH, rekisini isingepasuka.

#38 Mwanakemia
Au rekisini imepasuka kwa kuishiwa vilainishi na ngozi kwa sababu yake nyingine, mahali pamoja kwa sababu ndo panapokunjwa. Kukunjwa ndo kunaonyesha ufa, sio lazima kuwe ndo kumeuleta. Siachii hapo mzee wangu.

#39 Povu Jingi
Na siti zangu za miaka 11? Mtu mmoja anieleze.

#40 FundiSindano
Wewe unasuuza, gari yako umesema mahali pengine inalala ndani, na nakumbuka uliwahi kusema una kilo 58. Siti yako haijawahi kufanya kazi ngumu ndugu yangu 😂

#41 Povu Jingi
😂😂 hilo la kilo sikulitegemea. Gari inalala ndani kweli.

#42 Siti ya Mbele
Nimeamua hivi. Siti ya nyuma ni ngozi yote pa kukalia na haina ufa. Upande wa kulia nitaendelea na sabuni ya vyombo, robo ya kiasi cha zamani na nasuuza mara mbili. Upande wa kushoto shemeji analeta dawa yake ya ngozi, ya kusafisha tu isiyo na mafuta. Kitambaa cheupe kila upande, nitakuwa napiga picha za vitambaa naleta hapa. Kila mwezi, mwaka mzima.

#43 MamaPacha
Hilo ni jambo zuri. Ila nyuma kulia anakaa nani na kushoto nani?

#44 Siti ya Mbele
Kulia anakaa mtoto kwenye kiti chake. Kushoto mara nyingi hakuna mtu.

#45 FundiSindano
Basi kiti cha mtoto kihame upande kila mwezi, na chini yake weka kitambaa kizito maana ile miguu yake ya plastiki inachimba. La sivyo mwakani tutakuwa tunapima mtoto, sio sabuni.

#46 Siti ya Mbele
Nimekiona sasa hivi, tayari kuna mashimo mawili. Nakihamisha leo.